Waya wa Vichwa Viwili

Marahaba, wanangu, marahaba nyote. Kaeni. Na mimi nitakaa, maana magoti haya yamepanda nguzo miaka mingi na sasa kila moja linasema lake.

Mmeniomba niwape uzoefu. Neno hilo limenichosha kidogo. Mara nyingi uzoefu ni makosa tu ambayo mtu aliyafanya akabaki hai, na mara nyingine aliyeumia alikuwa mwingine. Basi nitawapa kosa moja, langu mwenyewe, kisha mtaniacha nikapumzike.

Nimewasikiliza tangu asubuhi. Mnataka mapaa ya Kariakoo yawekwe paneli za jua, kila duka lizalishe umeme wake mchana, na ule unaozidi urudi kwenye laini uwafae wengine. Mmechora vizuri. Sina ugomvi na jua. Kila saa ya mchana ambayo jua linabeba viyoyozi vya madukani, maji yanabaki bwawani yakisubiri jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha taa na pasi. Hilo ni jambo la akili. Wakati wetu bwawa ndilo lilibeba kila kitu, mchana na usiku, na mvua zilipogoma tulibaki tunatazamana.

Lakini ule mshale wenu wa kijani, ule unaotoka dukani kwenda kwenye nguzo, mimi niliuona kabla hamjazaliwa. Hakuna aliyekuwa ameuchora.

Ilikuwa zama za ruksa, soko limefunguliwa. Mtu aliyekuwa akiuza vitunguu jana, leo anauza friji. Makontena yanatoka Dubai, yanafunguliwa pale pale barabarani, wachukuzi wanakimbia na televisheni mabegani. Kila duka likaweka kiyoyozi, kila chumba feni mbili. Transfoma zilikuwa zile zile tulizoachiwa. Tulizisikia zinalia mchana kama mtu mwenye homa. Kisha mvua zikakosekana, bwawa likashuka, na mgao wa umeme ukaingia.

Mkitaka kuujua mgao, msiwaulize wanasiasa, waulizeni wenye maduka. Umeme ulipokatika Kariakoo, mtaa ulinyamaza kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Baada ya hapo jenereta zilianza. Moja, tatu, kumi, mpaka watu wakawa wanaulizana bei kwa vidole. Moshi ulitanda toka Msimbazi hadi Mchafukoge. Nawaambia hivi ili mjue kwamba wenye maduka walianza kuzalisha umeme wao zamani sana. Hatukuwa na sera ya jambo hilo. Tulikuwa na kelele.

Ofisini nako kulikuwa na kelele za aina nyingine. Walikuja wataalamu wenye tai, wakatukusanya ukumbini, wakatuonyesha kwamba shirika letu la umeme lingegawanywa sehemu tatu: ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Mitambo ya mafuta ya watu binafsi ingeletwa ituokoe na ukame, na mwekezaji angepatikana. Kiongozi wetu wa kikosi, Foremani Kilindo, akanyoosha mkono.

"Bwana mtaalamu, mimi nikiwa juu ya nguzo, mkono mmoja uko kwenye waya wa kusambaza, na umeme uliomo ni wa mzalishaji. Nikipigwa na shoti, mazishi ni ya kampuni ipi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtaalamu naye alicheka. Akafungua mchoro mwingine.

Foremani Kilindo ndiye aliyenifundisha kazi. Mtu mfupi, mweusi tititi, ana mikono mipana kama makasia. Hakupenda maneno mengi, lakini alikuwa na usemi mmoja aliourudia kila tulipofika kwenye nguzo: "Zuberi, waya ukifa, uuzike. Usipouzika, utafufuka." Maana yake ni hii, na hii iandikeni. Ukishaondoa fyuzi kwenye transfoma, pima laini kama kweli haina umeme. Ukishapima, usianze kazi bado. Ifunge kwa waya kwenye ardhi, ili umeme ukiingia kwa njia yoyote usiyoijua, ukimbilie chini usikupitie wewe. Kupima kunakuambia habari ya dakika ile tu. Ya dakika inayofuata huijui.

Sasa, zile nyaya za kufungia laini kwenye ardhi zilikuwa za shaba, na shaba ilikuwa na wapenzi wengi. Za kikosi chetu ziliibwa kwenye gari. Foremani aliandika barua kuomba nyingine. Akajibiwa asubiri, ununuzi umesimamishwa hadi mwekezaji apatikane. Akaandika ya pili. Glavu za mpira nazo zilikuwa zimepasuka, akaziongeza kwenye barua ya tatu. Tulisubiri mwekezaji kama wanakijiji wanaosubiri bwana harusi ambaye hawajui anatokea upande gani.

Na mimi, katika kusubiri huko, nilikuwa na kibarua changu cha pembeni. Wafanyakazi wengi tulikuwa navyo. Jioni na siku za mapumziko niliunganisha jenereta za watu. Kwenye mikutano tuliwasema vishoka, wale mafundi wa mitaani wanaounganisha umeme bila kibali, na tukitoka mkutanoni tunaenda kufanya kazi yao kwa koti la shirika.

Mchafukoge kulikuwa na duka la dawa la mama mmoja wa Kihindi, mjane, Mama Hansa. Nyuma ya kaunta alikuwa na friji ndogo ya dawa, na ndani yake insulini za wagonjwa wa kisukari. Siku moja nilipita kununua dawa ya kikohozi, nikamkuta ameiegemea friji ile kama mtu anayemuuguza mtoto.

"Fundi," akaniambia, "hii dawa ya sukari ikipata joto inakufa. Nikimpa mtu dawa iliyokufa, yeye pia atakufa. Jenereta nimenunua. Niunganishie."

Nilimwambia kwamba inatakiwa swichi maalumu, ile tunayoita chenjiova. Ni swichi yenye pande mbili: ukiielekeza kwenye jenereta, laini ya mtaani inajitenga yenyewe, na haiwezekani hata kwa bahati mbaya umeme wa pande mbili ukutane. Tulizunguka maduka yote ya vifaa, hatukuipata ya saizi yake. Zilikuwa zimekwisha, kila mtu alikuwa anazitaka.

"Na wagonjwa wangu wasubiri?" akauliza.

Ndipo nikamtengenezea waya wa vichwa viwili. Mnaujua, msijifanye. Waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Kichwa kimoja unakichomeka kwenye jenereta, cha pili kwenye soketi ya ukutani, na umeme unaingia nyumbani kinyumenyume. Duka zima linawaka. Lakini kama hujazima swichi kuu kwanza, umeme hauishii dukani. Unatoka nje kwa njia ile ile ambayo kwa kawaida unaingilia, unaenda mpaka kwenye nguzo.

Nilimfundisha. Nilimfanya arudie mbele yangu mara tatu. "Kwanza nazima swichi kuu. Halafu nachomeka. Halafu nawasha." Niliandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Nikamwambia ni kwa muda tu, nikipata ile swichi nitakuja kubadilisha.

Muda huo ulifika mwaka na zaidi. Sikurudi. Mama Hansa alizima swichi kuu kila siku ya mgao, bila kukosa. Nilikuwa nimeweka uhai wa watu nisiowajua juu ya kumbukumbu ya mama mmoja mwenye shughuli nyingi, nikaenda zangu nikalala usingizi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Haikuwa siku ya mgao kwa mtaa ule. Tuliitwa kwa sababu kiungo kimoja cha waya kilikuwa kimeungua kwenye nguzo, karibu na mwisho wa laini. Foremani aliondoa fyuzi za transfoma, mtaa ukazima, na jenereta zikaanza kunguruma kama kawaida. Alipanda. Akapima kwa taa yake: laini imekufa. Nyaya za kuifunga ardhini hatukuwa nazo. Alinitazama toka juu, akatikisa kichwa, akasema tumalize upesi tuwahi swala. Glavu ilikuwa haimruhusu kuzungusha nati, akaivua.

Akakifungua kile kiungo kilichoungua. Kuanzia hapo kipande cha mwisho cha laini kilikuwa kimejitenga na mtaa, kimebaki na maduka mawili tu. Moja la vitambaa, mwenyewe Mwarabu wa Yemen alikuwa ameshafunga ameenda msikitini. La pili la Mama Hansa. Jenereta yake isingeweza kuubeba mtaa mzima, lakini kipande kile kidogo iliweza.

Ndani ya duka kulikuwa na wateja watatu. Umeme umekatika siku ambayo haikutarajiwa, mteja mmoja anagombana naye kuhusu dawa aliyoandikiwa, na friji imenyamaza. Akachomeka waya. Akavuta kamba ya jenereta. Swichi kuu akaisahau. Mara moja tu katika muda wote ule.

Nilisikia sauti juu yangu. Haikuwa kelele, ilikuwa kama mtu anayekohoa akashindwa kumaliza. Nilipoinua macho, Foremani alikuwa ameubana waya kwa mkono wa kulia na hawezi kuuachia. Mwili ulitetemeka ndani ya mkanda.

Nilikimbia. Niliingia duka la dawa, nikaruka kaunta, nikazima jenereta kule uani. Mama Hansa alinitazama mimi, akatazama ukutani kwenye ile karatasi, akajiziba mdomo.

Foremani aliokolewa na mkanda wake. Tulimshusha, tukampeleka hospitali. Alipona. Mkono wa kulia haukupona. Vidole vilikauka vikajikunja, na kazi yetu haina mtu wa mkono mmoja.

Sasa sikilizeni lililonitesa. Mimi nilisifiwa. Kwenye taarifa ya ajali waliandika kwamba msaidizi alichukua hatua ya haraka iliyookoa maisha. Bosi alinipa mkono mbele ya watu. Na lawama ikaangukia kwa mteja, kwamba alitumia waya wa hatari. Duka la Mama Hansa likakatiwa umeme, akaambiwa huenda atashitakiwa.

Nilikuwepo alipohojiwa. Nilisimama mlangoni na koti langu la shirika.

"Huu waya alikutengenezea nani, mama?" mkaguzi akauliza.

Mama Hansa hakunitazama kabisa. "Fundi wa mtaani," akasema. "Walikuwa wengi. Simkumbuki sura."

"Hata jina?"

"Nina wateja wengi, baba. Majina yananipotea."

Mama yule alikuwa na majina ya wagonjwa wake wote kichwani, na ya watoto wao. Mkaguzi akaandika, tukaondoka. Mimi sikusema neno. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye nyasi hadi jua likageuka, nikajiambia maneno mengi mazuri: nina familia, shirika linapunguza watu, ukweli hautarudisha vidole vya mtu. Yote yalikuwa kweli. Na yote hayakunisaidia kula.

Baada ya siku kadhaa nilienda nyumbani kwa Foremani, Ilala. Mkewe alinikaribisha kwa furaha, akaniita mwokozi wa mume wake, akaenda kunitengenezea chai. Foremani alikuwa kitini, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Foremani."

"Marahaba."

"Foremani, ule waya..."

"Najua," akasema.

Akausogeza mkono wa bendeji juu ya goti.

"Mtaa mzima ulikuwa unanguruma jenereta, Zuberi. Fundi yeyote angesimama kwanza, atazame waya unaelekea duka gani. Wewe hukutazama. Ulikimbia kama mtu anayeenda kwake." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakufa, lakini macho yalikuwa yanaona."

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono mzima.

"Usiniambie mimi. Mimi mkono wangu umeshakwenda. Yule mama bado ana duka. Nenda kaseme kwa wanaoandika." Kisha, sauti ikiwa ile ile: "Chai ya mke wangu kunywa, usimvunje moyo. Halafu usirudi hapa."

Niliinywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Sijawahi kunywa kitu kirefu kama kile.

Kesho yake nilienda ofisini nikasema. Nilisimamishwa kazi miezi sita, na watu waliokuwa wakinisifu walivuka barabara wakiniona. Mama Hansa alirudishiwa umeme. Nilipoenda kumwomba radhi alinipa kiti, akaniuliza tu, "Ile swichi umepata sasa?" Nilikuwa nimeipata. Nikaifunga pale pale, na waya wa vichwa viwili nikaukata vipande mbele yake. Foremani yeye alipunguzwa kazi pamoja na wengine wengi, kwenye ile safari ya kumngoja mwekezaji. Nyaya za kufungia laini ardhini tuliletewa baada ya ajali, seti mbili, mpya, zinang'aa. Barua zake tatu zilikuwa bado kwenye faili.

Waliponirudisha hawakunirudisha kwenye nguzo. Walinipa kitengo cha ukaguzi, na kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kupita duka kwa duka kutafuta jenereta zilizounganishwa vibaya. Hakukuwa na kanuni inayonipa nguvu. Nilikuwa na karatasi yenye muhuri, na miguu yangu. Wenye maduka walinifukuza, walinipa soda, walinificha waya chini ya mito. Mmoja alikalia waya wake muda wote nilipokuwa ndani, na plagi inamchungulia nyuma. Nilienda na kurudi. Kanuni ilikuja baadaye sana, imeandikwa vizuri, na watu waliosoma wakaipigia makofi.

Kwa hiyo ninyi, mkinionyesha kile kisanduku chenu cha sola kinachojizima chenyewe laini ikifa, nafurahi kweli. Ndicho tulichokosa. Hakitegemei kumbukumbu ya mtu. Lakini niliwauliza asubuhi swali moja: baada ya miaka mitano, kisanduku kikiharibika na fundi wa mtaani akaleta kingine cha bei nafuu, nani atapita kukipima? Kila mmoja wenu alisema ni kazi ya kitengo kingine. Mzalishaji akasema ni ya msambazaji, msambazaji akasema ni ya mteja. Nimeshayasikia hayo. Kwenye karatasi zenu kuna bei ya umeme unaorudi, kuna mikataba, kuna kila kitu. Mtu wa kupita sijamwona. Mwandikeni. Mpeni jina la kazi, mpeni gari, na mumpe nyaya za kufungia laini kwenye ardhi, asije akaandika barua.

Na mkiwa juu, hata kama mashine zote zinasema laini imekufa, izikeni.

Foremani nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa miaka mingi imepita, kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, kulikuwa na mkutano fulani na watu wengi wanapita. Nilimtambua kwa kimo. Nilitaka kujificha, lakini miguu ilikuwa imeshafika mbele yake. Nikainama nikamwamkia, nikanyoosha mkono bila kufikiri, kama tunavyoamkiana.

Alikuwa ameinamia kitu mfukoni, hajaniona usoni. Akatoa mkono wa kushoto akanipa, na akasema yale ambayo bila shaka alimwambia kila mtu kila siku tangu siku ile: "Marahaba. Uniwie radhi, baba, kwa mkono huu wa kushoto."

Akaniomba radhi, mimi.

Ndipo akainua macho. Nilidhani angeuvuta mkono wake, lakini hakuuvuta.

"Zuberi."

"Naam, Foremani."

"Bado uko kwenye nguzo?"

"Hapana. Wananituma madukani, kukagua jenereta."

"Wanakubali?"

"Wengine wananifukuza."

"Ukifukuzwa unafanyaje?"

"Narudi kesho yake."

Alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Rudi na keshokutwa," akasema, akauachia, akaenda zake.